Taco na mvinyo mezani Kampala: tazama pilipili kabla ya nyama

Kosa hufanyika dukani, kabla jiko halijawashwa. Mwenyeji anajua atapika taco za nyama ya ng'ombe, anakumbuka usemi kwamba nyama nyekundu huliwa na mvinyo mwekundu, basi anabeba Cabernet Sauvignon yenye alkoholi ya asilimia 14.5 na kuisimamisha mezani ikiwa na joto la sebule. Jioni wageni wanauma taco, wanapiga funda moja, wanasogeza glasi pembeni na kuulizia bia baridi. Mvinyo ulikuwa mzuri na nyama ilikuwa nzuri. Vilivyowagombanisha ni pilipili, ndimu na joto la chupa, na hivyo vitatu hushughulikiwa kwanza, kabla hata ya kuuliza nyama ni ya mnyama gani.

Taco ni chakula cha Meksiko: kichapati chembamba kinachoitwa tortilla, ndani kuna nyama, samaki au maharage, juu kuna kitunguu kibichi, dania, ndimu na salsa. Kwa uzito nyama ni nyingi, lakini ulimini salsa na ndimu hutangulia kufika na pilipili hukawia kuondoka. Ndiyo maana mimi huchagua chupa kwa kutazama kilichomwagwa juu ya nyama.

Na mvinyo kwa taco si mzaha wa wageni. Kule kwenyewe Meksiko, barabarani watu hunywa zaidi bia, soda na juisi, lakini nchi hiyo inalima zabibu tangu zamani sana: kiwanda cha Casa Madero, mjini Parras, kinahesabu historia yake tangu 1597, na ndicho kikongwe kuliko vyote katika bara la Amerika. Leo mvinyo mwingi wa Meksiko unatoka Baja California, hasa bonde la Valle de Guadalupe, karibu na mji wa bandari wa Ensenada. Ensenada ndio mji unaosifiwa kwa taco za samaki wa kukaanga. Taco na chupa ni majirani huko.

Pilipili zetu si zile za kwenye mapishi

Kapsaisini, kemikali inayofanya pilipili iwashe, hushika kwenye neva za mdomo mahali pale pale panapohisi moto. Ubongo unapata habari ya kuungua ingawa hakuna kilichoungua. Alkoholi nayo hugusa mahali hapo hapo na kupafanya pawe pepesi kushtuka. Kwa hiyo mvinyo wa asilimia 14 au 15 juu ya salsa kali ni kumwaga mafuta kwenye moto. Ukiongeza tanini, ile hali ya kukausha mdomo kama ndizi mbichi, muwasho na ukavu huchanganyika na mtu haonji tena tunda lolote ndani ya glasi.

Mapishi mengi ya taco mtandaoni yanasema "jalapeño mbili". Jalapeño ina kati ya 2,500 na 8,000 kwa kipimo cha Scoville, kinachopima ukali wa pilipili. Pilipili mbuzi tunazonunua katika masoko ya Nakasero au Owino ni jamii ya habanero, ambayo huenda 100,000 hadi 350,000, na ile ndogo ndefu, pilipili kichaa, ambayo wengi hapa huiita kamulali, huwa 50,000 hadi 100,000. Anayebadilisha moja kwa moja ameweka ukali mara kumi, ishirini au zaidi, halafu analaumu chupa.

Salsa ninayoiamini kwa taco 12 ni hii: nyanya nne zilizoiva (kama gramu 400), nusu ya kitunguu, robo ya pilipili mbuzi moja, kiganja cha dania, ndimu moja na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pilipili ipasue, utoe utando mweupe wa ndani. Watu wengi hutoa mbegu tu na kuacha utando, kumbe kapsaisini imejaa kwenye utando. Mbegu hubeba ile iliyozigusa. Nyanya nazo toa mbegu na maji yake, la sivyo kichapati kitaloa na kupasuka mkononi. Changanya, acha dakika 15, kisha mwaga maji yaliyojikusanya chini. Anayependa moto zaidi awekewe bakuli lake la pilipili pembeni, na yeye ndiye utakayemmiminia ule mvinyo wenye utamu kidogo.

Ndimu ina sheria yake. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unalegea, unakuwa kama juisi iliyotiwa maji. Kwa hiyo unahitaji mvinyo wenye uchachu wa kutosha: Chenin Blanc, Sauvignon Blanc, Riesling, mvinyo wa povu, roze kavu (mvinyo wa rangi ya waridi usio na sukari). Sheria hiyo hiyo inahusu sukari. Taco ikiwa na nanasi au mchuzi wa asali na mvinyo ukawa mkavu kabisa, mvinyo utaonekana mchungu na mkali kupita kiasi. Utamu wa glasi usizidiwe na utamu wa taco. Chumvi, kinyume chake, ni rafiki: hupunguza makali ya tanini na kufanya tunda lisikike vizuri zaidi, mradi usiizidishe.

Chupa ipoe

Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yake si ya Mombasa, hata hivyo sebule mchana hufika nyuzi 25 hadi 28. Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu "kwa joto la chumba" ulizaliwa kwenye nyumba za baridi za Ulaya, ambako chumba kilikuwa nyuzi 16 hadi 18. Mvinyo mwekundu wa nyuzi 27 unanuka spiriti, kwa sababu alkoholi huruka haraka kwenye joto, na pilipili ikishafungua njia, spiriti hiyo inachoma koo.

Kwa taco, mvinyo wa povu uwe nyuzi 6 hadi 8, mweupe na roze 8 hadi 10, mwekundu mwepesi 13 hadi 15. Kwa friji ya kawaida ya nyumbani hiyo maana yake ni saa tatu hadi nne kwa mweupe na povu, na saa moja na nusu hivi kwa mwekundu. Umeme ukikatika, au mgeni akija na chupa ya moto, chukua ndoo, weka barafu nusu na maji nusu, tupia viganja viwili vya chumvi, zamisha chupa mpaka shingoni. Dakika 20 zinatosha kwa mweupe, 10 kwa mwekundu. Barafu peke yake bila maji huchukua muda mrefu, maana kati ya vipande kuna hewa na hewa haipitishi baridi vizuri. Maji hugusa chupa pande zote. Chumvi huyafanya maji yashuke chini ya sifuri bila kuganda. Usiweke chupa ya povu kwenye friza ukaisahau. Inapasuka.

Kichapati

Chapati ya kibandani ni tamu kwa kazi yake, lakini kwa taco ni nene, ina mafuta mengi na inashibisha kabla ya taco ya pili. Mafuta yake hupaka ulimi na mvinyo hauonjeki. Kaskazini mwa Meksiko watu hutumia tortilla za ngano, kwa hiyo ukitumia ngano hujamkosea mtu. Chukua unga wa ngano gramu 250, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, maji ya uvuguvugu mililita 140 hivi. Kanda dakika 8, funika, pumzisha nusu saa. Gawa madonge 12 ya gramu 35 hivi. Sukuma kila donge mpaka upana wa sentimita 15, hadi uone rangi ya meza kwa mbali chini yake. Pika kwenye kikaango kizito kikavu, chenye moto mkali, sekunde 40 upande mmoja na 30 wa pili, kisha funga ndani ya kitambaa safi papo hapo. Kikikauka kama biskuti, moto ulikuwa mdogo na kimekaa sana jikoni. Kikijikunja kila unaposukuma, donge halijapumzika.

Tortilla ya mahindi haitoki kwenye unga wa posho. Wenzetu wa Meksiko huchemsha mahindi makavu kwa maji ya chokaa ya chakula, kama gramu 10 kwa kilo moja ya mahindi na lita 3 za maji, huyaacha usiku kucha, huyaosha, ndipo huyasaga yakiwa bado na majimaji. Chokaa hulainisha ganda na kufanya donge lishikane. Unga wa posho haujapitia hayo, ndiyo maana ukiusukuma unakatika. Mahindi yetu meupe yanafaa kabisa; shida ni kupata chokaa iliyoandikwa kuwa ni ya chakula. Ile ya ujenzi usiiguse.

Taco ya samaki, mahali mvinyo mweupe unapong'aa

Hapa ndipo Uganda ina bahati. Sangara wa Ziwa Victoria, ambaye Waganda humwita mputa, ana minofu minene, mieupe, isiyomeguka ovyo kwenye mafuta. Ngege (tilapia) anafaa pia, ila minofu yake ni myembamba na hukauka haraka. Mnunue asubuhi Ggaba au soko lolote la karibu na ziwa: matamvua mekundu, macho yaliyojaa, nyama inayorudi ukibonyeza.

Gramu 500 za minofu kata vipande vya unene wa sentimita 2 na urefu wa 8 hadi 10. Nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, acha dakika 10, kisha futa maji yote kwa kitambaa au karatasi ya jikoni. Hatua hii ndiyo watu huiruka. Samaki mwenye maji hutoa mvuke, mvuke unasukuma unga wa nje, na ganda zima linachomoka kama soksi. Rojo ya kuchovya: unga wa ngano gramu 150, kijiko cha chai cha baking powder, nusu kijiko cha chumvi, mililita 200 za bia baridi au maji ya soda baridi. Koroga kidogo tu, madonge madogo yakibaki hayana neno. Mafuta yawe nyuzi 180. Huna kipimajoto? Dondosha tone la rojo: likizama kidogo na kupanda mara moja likitoa mapovu, yako tayari, likikaa chini, subiri, likiwa kahawia kabla hujahesabu kumi, punguza moto. Kaanga vipande vinne vinne, dakika 3 hadi 4. Ukijaza kikaango mafuta yanapoa na ganda linayanywa.

Juu yake weka kabichi iliyokatwa nyembamba sana (gramu 200, nusu kijiko cha chumvi, ndimu moja, ifinyange kwa vidole hadi ilegee), na mchuzi mweupe wa vijiko vinne vya mayonezi na viwili vya mtindi. Halafu ile salsa.

Sasa fuatilia mdomo mmoja tu wa taco hii. Ganda linavunjika kwanza na kuachia mafuta ya moto. Kabichi inaleta maji na uchachu. Samaki mwenyewe ni mpole, karibu mtamu. Unapotafuna mara ya nne au ya tano ndipo pilipili inajitokeza nyuma ya ulimi na kuanza kupanda. Hapo ndipo funda la Chenin Blanc ya nyuzi 9 linaingia: uchachu wake unafagia mafuta, baridi yake inatuliza muwasho, na ule utamu mdogo wa tunda, kama tofaa na pichi, unashikana na utamu wa samaki. Ukimeza, mdomo uko safi na unataka kuuma tena. Chenin inalimwa Afrika Kusini kuliko nchi nyingine yoyote, wao waliizoea kwa jina la Steen, na ndiyo sababu inapatikana kwa urahisi kwenye maduka yetu bila bei ya kutisha. Tafuta ya asilimia 12 hadi 13, ya mwaka wa karibuni, isiyokaa kwenye mapipa ya mwaloni.

Ikiwa salsa yako ni ya kijani, yaani dania nyingi, kitunguu cha majani na pilipili mbichi, hamia Sauvignon Blanc. Zabibu hiyo ina harufu ya majani na pilipili hoho, na harufu hizo zina asili moja kikemikali, basi zinaitikiana. Na kama kuna kitu kinachoishinda Chenin kwa samaki wa kukaanga, ni mvinyo wa povu, kwa kuwa mapovu husugua mafuta.

Hapo ujihadhari na maandishi ya chupa. "Brut" ndiyo kavu, sukari yake haizidi gramu 12 kwa lita. "Extra Dry" licha ya jina ina zaidi, gramu 12 hadi 17, na "Dry" au "Sec" 17 hadi 32. Kwa taco yenye pilipili, Extra Dry mara nyingi inafaa kuliko Brut. Anayesoma neno "dry" na kudhani amepata iliyo kavu zaidi ameshika kinyume.

Mvinyo mwekundu kwa taco hii acha. Madini ya chuma yaliyo kwenye mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki na kuzaa ladha ya shombo, kama vile umelamba sarafu. Wengine hudhani samaki ameoza.

Nguruwe

Vibanda vya nguruwe vya Kampala tayari vimefanya nusu ya kazi: nyama ya kukaangwa kwenye mafuta yake, kitunguu, nyanya, kabichi, parachichi. Meksiko, jimbo la Michoacán, kuna carnitas, na njia yake haiko mbali. Kilo moja ya bega lenye mafuta kata vipande vya sentimita 5, tia vijiko viwili vya chai vya chumvi, punje nne za kitunguu saumu, chungwa moja lililokatwa nusu, mafuta ya nguruwe gramu 200, na maji yanayofika nusu ya nyama. Chemka taratibu kwenye sigiri au gesi saa moja na nusu hadi mbili. Maji yakiisha, nyama inabaki kukaangika kwenye mafuta. Geuza hadi iwe ya kahawia pembeni, kisha ichambue. Ukiharakisha maji yaishe kabla nyama haijalainika, utapata nyama ngumu yenye ganda, na hakuna mvinyo utakaoiokoa. Ongeza maji, rudi nyuma.

Mafuta haya yanataka uchachu. Roze kavu ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza: ina uchachu wa mweupe na kidogo ya tunda jekundu, na haina tanini za kugombana na salsa. Ya pili ni mwekundu mwepesi uliopozwa, kama Gamay ya Beaujolais au Cinsault. Pinotage pia, lakini chagua ile nyepesi. Zabibu hii ilitengenezwa Afrika Kusini mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kuoanisha Pinot Noir na Cinsault, na inaweza kutengenezwa nyepesi yenye tunda au nzito yenye ladha ya kahawa na moshi. Ile nzito, ukiipeleka kwa nyama ya muchomo iliyoungua pembeni, uchungu wa masizi na uchungu wa tanini vinajumlishana. Kata sehemu zilizokuwa mkaa kabla hujazikatakata za taco.

Al pastor ni habari nyingine. Ilitokana na shawarma za wahamiaji wa Kilebanoni, nguruwe badala ya kondoo, ikatiwa viungo vyekundu na nanasi. Nanasi la Kayunga au Luwero likiiva ni tamu sana, kuliko ambavyo mapishi yalikusudia, basi tumia vipande vidogo na uvikaange kwanza. Mvinyo wake uwe na sukari kidogo: Riesling ya Kijerumani iliyoandikwa "feinherb" au "halbtrocken", au Kabinett ya asilimia 8 hadi 10. Alkoholi ikiwa chini hivyo kwenye Riesling ya Kijerumani, mara nyingi ni kwa sababu sukari imeachwa bila kuchacha, na pilipili inapenda vyote viwili, alkoholi kidogo na sukari kidogo. Ikikosekana, chukua Chenin iliyoandikwa "off-dry" au "semi-sweet". Mvinyo wa nanasi unaotengenezwa hapa hapa Uganda unaweza kufaa pia ukipozwa vizuri. Onja kwanza, maana kuna chupa zilizo tamu kama sharubati.

Na nitasema wazi: ule mvinyo mwekundu mtamu ambao wajuzi huudharau, ukipozwa hadi nyuzi 10, hukaa vizuri na taco kali kuliko Cabernet ya bei mara nne. Sukari inazima moto na tanini zake ni chache. Anayeupenda asionewe haya.

Mbuzi, ng'ombe, na waliobaki

Birria ya jimbo la Jalisco, Meksiko, ni mbuzi aliyepikwa polepole kwenye mchuzi wa pilipili kavu. Pilipili hizo, ancho na guajillo, ni za rangi na harufu zaidi kuliko ukali, na hapa ni adimu. Badala yake weka vijiko viwili vya chakula vya paprika, kimoja cha nyanya ya kopo, nusu kijiko cha chai cha binzari nyembamba, kipande kidogo cha mdalasini, na kamulali kavu moja nzima ambayo utaitoa baadaye. Kilo moja na nusu ya mbuzi mwenye mifupa, saa mbili na nusu hadi tatu. Hapa mwekundu anaruhusiwa kusimama wima: Grenache, Tempranillo changa, au Malbec isiyo na mwaloni mwingi, nyuzi 15. Viungo vya joto vya mchuzi na tunda lililoiva vinaelewana, na mafuta ya mbuzi yanalainisha tanini.

Ng'ombe wa kuchoma ana tatizo ambalo vitabu vya Marekani havilitaji. Wao wanachoma nyama iliyolishwa nafaka, yenye mafuta ndani ya minofu. Ng'ombe wa Ankole aliyekula majani ana nyama yenye mafuta machache, na mafuta na protini ndivyo vinavyoshika tanini zisikaushe mdomo. Kwa hiyo shuka ngazi moja: ambapo kitabu kinasema Cabernet, weka Merlot laini au Pinotage nyepesi. Kata nyama kwa kukingama nyuzi zake, vipande vyembamba, na weka parachichi juu kwa ukarimu. Mafuta yake yanajaza pengo na kutuliza pilipili.

Kuku: roze au Chenin, yamekwisha. Maharage yaliyopondwa na kitunguu cha kukaanga: roze, au Cinsault baridi. Na kwa kuwa rolex ni binamu wa taco, mayai na chapati yake vikioshwa na mvinyo wa povu wa Brut ni chakula cha asubuhi ya Jumapili kinachostahili heshima zaidi ya inachopewa.

Kununua na kuhesabu

Adui wa mvinyo kwenye maduka yetu ni jua na taa. Chupa iliyosimama dirishani miezi sita imepikwa. Angalia kizibo kisiwe kimejisukuma nje, shingoni kusiwe na utando wa kunata, na mvinyo mweupe usiwe umegeuka rangi ya chai. Mweupe wa bei ya kawaida wenye zaidi ya miaka mitatu uache. Chupa ya kifuniko cha kuzungusha haina ubaya wowote. Kwa mvinyo wa kunywewa mapema ni salama kuliko kizibo cha gome la mti.

Chupa ya mililita 750 inatoa glasi tano. Wageni kumi watakula taco tatu hadi nne kila mmoja, basi andaa 36, na chupa tano zinatosha: mbili nyeupe, moja roze, moja povu, moja nyekundu nyepesi. Kabla hawajafika, jaribu mwenyewe. Uma taco bila salsa, onja. Kisha uma yenye salsa, onja tena. Mvinyo ukigeuka mchungu, pilipili ni nyingi au alkoholi ni kubwa. Ukigeuka maji, ndimu imezidi. Ukigeuka mchachu kupindukia, kuna sukari kwenye taco uliyoisahau. Salsa unaweza kuirekebisha kwa nyanya moja ya ziada, chupa huwezi.

Kwa wasiokunywa, na kwenye meza za Waswahili wapo wengi, usiwaachie soda. Meksiko taco hunywewa juisi ya rozela (hibiscus), na ua hilo lina uchachu na ukavu kidogo unaofanana na mvinyo mwekundu mwepesi. Gramu 40 za maua makavu, lita moja na nusu ya maji yaliyochemka, funika dakika 20, chuja, tia sukari gramu 80, poza hadi baridi kabisa. Kwao nguruwe aondoke, samaki aje mbele.

Kilichobaki kwenye chupa kifunike na ukirudishe friji, hata kama ni chekundu. Mweupe na mwekundu vitakaa siku mbili hadi tatu, mvinyo wa povu siku moja ukiwa na kizibo chake maalumu. Boksi la lita 3, ambalo kwa sherehe ya taco ni ununuzi wa busara, hukaa wiki nne baada ya kufunguliwa kwa sababu mfuko wa ndani hujikunja na hauingizi hewa. Liweke friji nalo, bomba likiangalia nje.